Kutengeneza na Kutengeneza Tena



Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja ambalo limetufundisha mengi. Neno hilo ni kutengeneza. Seremala akipiga randa mbao zake na kuziunganisha mpaka zikawa kiti, twasema ametengeneza kiti. Mwaka wa pili mguu wa kiti ukivunjika, naye akaukaza kwa kamba na kigingi, twasema vilevile: ametengeneza kiti. Lugha nyingine zina maneno mawili kwa kazi hizo mbili. Sisi tuna moja tu, kana kwamba wazee waliotuachia lugha hii walijua ya kuwa kazi hizo ni ndugu wa tumbo moja, na ya kuwa anayeijua ya kwanza hashindwi na ya pili.

Sisi tunaoandika haya ni wazazi wa jumuiya moja ya mtaa wa Mangobo, mjini Kisangani. Kila Jumamosi alasiri, mvua isiponyesha, twaketi chini ya mwembe pamoja na watoto wetu. Hawa wanasuka vikapu, wale wanashona, wengine wanatunga rozari. Jirani zetu wa Kabondo na wa Tshopo, hata wa Lubunga ng'ambo ya mto, wametuuliza mara nyingi: "Mnaanza na nini? Tena faida yake ni ipi, maana sokoni vyote vinapatikana?" Basi tumeona vema kuwajibu kwa maandishi. Tutaeleza kazi tatu ambazo mtu yeyote aweza kuzifanya nyumbani kwake bila fedha nyingi. Lakini kwanza yafaa tuseme ni wapi tulikopata akili hiyo, kwa sababu kazi bila sababu yake haidumu.

Hakuna mtu wa Kisangani asiyeijua mitego ya Wagenia. Mto Kongo ukishuka kutoka Ubundu hupita katika maporomoko saba, na poromoko la mwisho liko hapa mlangoni mwa mji wetu. Hapo Wagenia husimamisha miti mirefu katikati ya mawe, mahali maji yanapotoa povu na kelele. Huichomeka katika mashimo ya mwamba ambayo mto wenyewe umeyachimba, wakaifunga kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni. Katika miti hiyo hutundika mitego mikubwa ya kusukwa, yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki akisukumwa na nguvu ya maji huingia mdomoni, wala hawezi kugeuka tena. Wageni hutoka mbali kuja kupiga picha za kazi hiyo.

Lakini mgeni huona siku moja, akaenda zake. Sisi tunaokaa hapa twaona mwaka mzima. Maji yakijaa sana, mto hung'oa miti, hukata kamba, huchukua mitego. Maji yakipungua, Wagenia hushuka tena na kamba zao begani, wakaanza upya. Mzee mmoja Mgenia alikuwa akituuzia samaki miaka mingi. Siku moja, mto ulipokuwa umempokonya mitego minne, mmoja wetu alimwambia kwa huruma: "Koko, pole sana. Kazi ya siku nyingi imepotea." Mzee akamwonyesha mjukuu wake aliyekuwa akipanga samaki ndani ya beseni, akasema: "Mwanangu, mto umechukua mitego, mikono umeniachia. Tena mtoto huyu alikuwa ameketi karibu nami nilipokuwa nikisuka. Basi hata mto ukinichukua mimi, mitego itasukwa."

Siku ile tulicheka naye, tukalipa samaki, tukaenda nyumbani. Maana ya neno lake tuliijua baadaye, miaka ya vita.

Vita vilipoanza Agosti 1998, njia ya mto kwenda Kinshasa ilikatika. Yafaa msomaji asiye wa huku ajue ya kuwa Kisangani ni bandari ya mwisho. Meli zinazopanda kutoka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 hivi, huishia hapa kwa sababu ya maporomoko. Chumvi, sabuni, ndoo, sindano, misumari, vitu hivyo vyote tulivizoea kuviona vikishuka melini. Sasa mto ulinyamaza. Mpaka mwaka 2003 vitu vilikuja kwa ndege, kwa bei ya kutisha, au juu ya baiskeli za vijana waliosukuma mizigo siku nyingi katika njia za msitu. Tena katikati ya taabu hiyo, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana kwa mizinga ndani ya mji wetu, siku sita, usiku na mchana. Watu kwa mamia waliuawa. Tulipotoka mafichoni tulizika wafu wetu, kisha tukatazama nyumba. Masufuria yalikuwa yametobolewa na vipande vya chuma, milango imeng'oka, mapipa ya maji yamekuwa kama chujio.

Siku zile ndipo tulipojua nani mwenye mali. Palikuwa na nyumba zilizojaa vitu vya dukani. Kitu kimoja kikivunjika kilibaki pembeni vivyo hivyo, kama mgonjwa asiye na mganga, kwa maana duka lilikuwa limefungwa na mwenye nyumba hakujua lolote ila kununua. Na palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, nyumba yake ya udongo, ambaye kabla ya vita hakuna aliyemhesabu kuwa mtu mkubwa. Mama huyo alichoma maganda ya ndizi, akachukua majivu yake, akayachuja kwa maji, akachemsha maji yale makali pamoja na mafuta ya mawese, akapata sabuni nyeusi, laini, inayotoa uchafu vizuri. Alichambua makuti ya michikichi, akatoa njiti zake, akafunga mifagio. Alikata mipira ya ndani ya baiskeli iliyochakaa kuwa kanda nyembamba, akakazia miguu ya viti, mipini ya majembe, bawaba za milango. Watu walimletea muhogo, mchele kidogo, chumvi ndani ya karatasi, awatengenezee vitu vyao. Hatusemi ya kuwa watoto wake hawakuona njaa. Njaa tuliiona sote. Twasema tu ya kuwa wote watano walivuka.

Tulimwuliza: "Mama, ulijifunza wapi mambo haya yote?" Akajibu ya kuwa hakujifunza mambo yote, alijifunza jambo moja. Nyumbani kwa bibi yake ilikuwa mwiko kutupa kitu kilichoharibika kabla ya kukifungua na kuona kilivyofungwa. "Kikapu kikichakaa, bibi alinipa nikifumue. Nguo ikichanika, alinipa nichomoe uzi wake polepole. Basi nilipokua, niliona kila kitu kama kitu kilichofungwa na mtu. Na kilichofungwa na mtu, mtu mwingine aweza kukifunga."

Amani iliporudi, meli zilirudi pia, nazo zilileta beseni, viti na ndoo za plastiki za rangi nyingi. Hatuvitukani vitu hivyo. Ni vyepesi, vyaoshwa upesi, maji hayaviozi. Lakini vina tabia moja: havina mshono. Ndoo ya plastiki ikipasuka, hupati pa kushika sindano wala kamba, hupati fundo la kulifungua. Mtoto anayekulia kati ya vitu hivyo tu huona ya kuwa kila kitu kina siku mbili, siku ya kununuliwa na siku ya kutupwa. Katikati ya siku hizo mbili hana kazi yoyote. Na mitaro ya mitaa yetu, mvua kubwa ikinyesha, yatuonyesha wazi vilivyotupwa ni vingapi. Ndiyo sababu jamaa tano za jumuiya yetu tulikubaliana kukaa pamoja siku za Jumamosi na kuwafundisha watoto kutengeneza, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Sasa tueleze kazi zenyewe.

Kazi ya kwanza ni kikapu cha mviringo, cha kuendea sokoni. Hutengenezwa kwa kekele, yaani ile henzirani ipandayo juu ya miti ya msitu. Mafungu yake huuzwa. Wanaokwenda kukata wenyewe wakate mashina yaliyokomaa tu, wayaache machipukizi, maana shina likiachiwa watoto wake hutoa tena. Ondoeni gamba lenye miiba, pasueni shina kwa kisu liwe kanda, kwangueni upande wa ndani mpaka ukanda uwe sawasawa, kisha lowekeni usiku mmoja. Kekele kavu huvunjika, iliyolowa hutii.

Kateni fito nane nene kidogo, kila moja urefu wa mita moja na robo. Nne kati ya hizo zitobolewe katikati kwa ncha ya kisu, kisha zile nne nyingine zipitishwe katika tundu hizo, mpate msalaba. Sasa mna ncha 16 zinazotoka katikati kama miali ya jua. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa, wakashangaa mbona kikapu hakishiki. Mtu anayesuka kwa ukanda mmoja, akipita juu ya ufito huu na chini ya ule, hawezi kutumia hesabu ya shufwa. Akiwa na ncha 16, mzunguko wa pili utapita juu ya fito zilezile zilizopitwa juu mara ya kwanza, na hapo hakuna kinachofungamana na kingine. Basi chomekeni ufito mmoja mfupi zaidi, hesabu iwe witiri, yaani 17. Mara moja mzunguko wa pili utapita chini pale ambapo wa kwanza ulipita juu, na kikapu kitajishika chenyewe. Kati yetu yuko mwalimu wa shule ya msingi. Asema hajaona njia iliyo bora ya kumfundisha mtoto tofauti ya shufwa na witiri, kwa kuwa hapa jibu la kosa laonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono.

Zungusheni ukanda mwembamba mara mbili juu ya msalaba wakati fito zimekaa nne nne, kisha zitengeni moja moja, msuke kitako mpaka kifike upana wa sentimeta 30. Lowesheni fito tena, zikunjeni zielekee juu, zifungeni ncha zake pamoja kwa kamba ili zisimame, mkaendelee kusuka kando. Mkifika kimo cha sentimeta 30 hivi, fungueni ncha na kukunja ukingo: kila ufito upite nyuma ya jirani yake, mbele ya wa pili, uishie ndani nyuma ya wa tatu. Mpini ni kanda mbili zilizosokotwa pamoja na kuchomekwa kandokando mpaka karibu na kitako.

Hapo wengi wangesema kazi imekwisha. Kwetu bado. Juma lifuatalo twakata ufito mmoja wa kikapu hicho kwa kisu, mbele ya mtoto aliyekisuka. Wa kwanza kukatiwa alilia, na mama yake alitutazama vibaya. Lakini mtoto alichonga ufito mpya, akaupaka mafuta kidogo, akauteleza kando ya ule uliokatika, ndani ya mshono, mpaka ukashika. Akakitikisa kikapu. Kikawa kizima. Tangu siku ile mtoto huyo hatembei mtaani bila kutazama vikapu vya watu na kusema kipi kinahitaji nini. Twamhesabu mtoto kuwa amejua kazi siku anapoweza kuirudisha, si siku anapoimaliza.

Kazi ya pili ni kikapu cha joto, nacho kinawapendeza akina mama kuliko vyote. Kila mtu ajua makaa yanavyokula fedha ya nyumba, na kila mtu ajua kila gunia la makaa lilikuwa miti kwanza. Maharagi yakaa juu ya mbabula nusu ya siku. Lakini maharagi hayahitaji moto saa zote hizo. Yahitaji joto. Moto ni kwa kuyafikisha kwenye joto hilo, na mtu akiweza kulizuia joto lisitoke, moto waweza kwenda zake.

Chukueni kikapu kikubwa kuliko sufuria yenu, kiasi cha kubaki nafasi ya upana wa kiganja pande zote. Chini na kandokando shindilieni majani makavu ya mgomba, yaliyokauka kabisa. Juu ya majani shoneni kitambaa kizito, blanketi kuukuu au vipande vya vitenge vilivyochakaa vilivyounganishwa, ili majani yasimwagike. Shoneni pia mto mnene wa kufunika juu, umejazwa majani hayohayo. Siri yote iko katika hewa iliyokaa kimya kati ya majani. Hewa isiyotembea haichukui joto upesi.

Matumizi yake ni haya. Lowekeni maharagi usiku kucha, mwageni maji yale. Asubuhi yachemsheni kwa nguvu muda wa nusu saa katika maji mapya. Neno hili la kuyachemsha kwa nguvu lisidharauliwe, kwa sababu maharagi yaliyopata uvuguvugu tu bila kuchemka huumiza tumbo. Kisha funikeni sufuria vizuri, ipanguseni chini pasiwe na kaa hata moja, itieni kikapuni upesi, wekeni mto juu, msifunue. Baada ya saa nne rudisheni sufuria motoni ichemke tena, tieni mafuta na chumvi, mle. Mchele wahitaji dakika tano tu za kuchemka na saa moja ya kikapu. Sufuria iwe karibu kujaa, maana chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa mbio. Mama mmoja wa jumuiya yetu huondoka alfajiri kwenda kuuza kwanga sokoni. Zamani alimwachia binti yake wa miaka kumi kazi ya kulinda moto, na mtoto alichelewa shule. Sasa sufuria yajipikia kikapuni, na binti yuko darasani kengele ikilia. Kitambaa kikichanika hutiwa kiraka, majani yakilowa au kuoza hubadilishwa. Hakuna sehemu ya kikapu hicho isiyoweza kutengenezwa tena.

Kazi ya tatu ni rozari. Kanisa kuu la jimbo letu, lililo karibu na ukingo wa mto, limewekwa chini ya jina la Mama Maria wa Rozari, kwa hiyo mji wetu wastahili kujua kutunga rozari. Pembeni ya maji na katika mabonde yenye unyevu humea jani refu mfano wa mhindi mdogo. Mbegu zake ni ngumu, zang'aa, rangi ya maziwa na majivu. Wazungu waliziita machozi ya Yobu. Mungu amezitoboa yeye mwenyewe: mkivuta kile kikonyo kidogo cha katikati, tundu laonekana kutoka upande huu mpaka ule. Chumeni zilizokwisha kuwa kijivu, zianikeni siku chache, chagueni zinazolingana.

Rozari moja yataka mbegu 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Kwa zile sita tafuteni mbegu kubwa zaidi, au ushanga wa mti. Uzi wa kuvulia samaki wafaa kuliko uzi wa kushonea, kwa kuwa hauchakazwi na jasho la vidole. Fungeni fundo kila upande wa mbegu ya Baba Yetu. Tena fundo hilo si la urembo. Uzi ukikatika mahali pamoja, mafundo hushika mbegu nyingine zisimwagike, nanyi mtakuwa na kumi moja tu ya kutunga upya badala ya tano. Msalaba huchongwa kwa kipande cha mti mgumu kilichotupwa na seremala. Mwezi wa Oktoba watoto wetu hukaa mlangoni baada ya sala na kuwatengenezea wazee rozari zilizokatika. Hawalipwi, wala hawaombi. Lakini tumeona wazee ambao zamani waliwafukuza watoto hao kwa fimbo kwa sababu ya maembe yao, sasa wanawaita kwa majina.

Haya, twajua maneno mtakayosema. Mtasema: muda ni mali, na beseni ya plastiki ni rahisi kuliko kikapu kilichokula alasiri tatu. Ni kweli. Hatutawadanganya. Mtu akihesabu saa zake zote, kikapu chetu cha sokoni ni ghali. Hatukitengenezi kwa kuwa ni rahisi. Twakitengeneza kwa sababu anayekisuka mtoto hubaki na kitu ambacho hakimo kikapuni. Vitu vyote vya nyumba vyaweza kuchukuliwa kwa siku moja, na katika mji huu si lazima tuwaeleze jambo hilo. Walichojua yule mjane na yule mzee Mgenia hakikuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo hakuna aliyekikuta.

Wengine watasema: hii ni kazi ya watu wasiosoma. Kijana mmoja wa mtaa wetu, mwenye diploma ya serikali, alituambia kwa heshima lakini waziwazi: "Baba zangu, nilisoma ili nisisuke." Hatukumkaripia. Tulimkumbusha tu ya kuwa Bwana wetu alikulia katika nyumba ya fundi huko Nazareti, na ya kuwa Mtume Paulo, msomi kuliko wengi, alishona hema akala kwa kazi ya mikono yake. Kijana aliinamisha kichwa, hakusadiki. Leo huendesha pikipiki ya kuchukua abiria, kwa maana kazi ya diploma yake hajaiona bado. Mwaka jana kiti cha pikipiki yake kilichanika, akaja chini ya mwembe kuomba sindano nene. Alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Hasuki vikapu mpaka leo, nasi hatumlazimishi. Lakini ile sindano hajairudisha, na tumesikia ya kuwa wenzake wa kituoni humletea viti vyao.

Hata yule mzee tuliyemtaja amefariki. Hakuchukuliwa na mto, bali na uzee, kitandani mwake, na watoto wake wamemzunguka. Mjukuu aliyekuwa akipanga samaki ni mtu mzima mwenye watoto, naye huja kwetu Jumamosi nyingine maji yakiwa makubwa mno na kazi ya mtoni imesimama. Ndiye aliyewafundisha watoto wetu fundo la kufungia miti miwili isiyokaa sawa, fundo ambalo hukaza zaidi likilowa. Mitego mikubwa yenyewe hawafundishi, kwa kuwa hiyo ni urithi wa watu wake, na twaona ana haki. Fundo hutoa bure. Alipolifunga mara ya kwanza mbele yetu, vidole vyake vilikwenda kama vya babu yake hasa, kidole gumba kikisubiri kidogo kabla ya kuvuta. Wale tuliomjua mzee tulitazamana.

Basi, wasomaji wapenzi, kama mwataka kuanza, msianze kwa kununua kekele, wala kwa kwenda bondeni kutafuta mbegu. Hayo yatakuja. Tafuteni kwanza nyumbani mwenu kitu kimoja kilichovunjika na ambacho mlikuwa karibu kukitupa: kiti, kapu, ungo, mkoba wa shule wa mtoto. Keteni chini pamoja na mtoto huyo. Kifungueni polepole, bila haraka na bila makelele, mpaka mwone pamoja mahali mtu fulani, msiyemjua, alipofunga fundo la kwanza. Labda mtashindwa kukirudisha mara ya kwanza. Si kitu. Asiyejua afungue tena, atazame tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwenye kufanikiwa asikae kimya. Na amwonyeshe jirani. Mungu abariki kazi za mikono yenu.